Uliza Mama Infirmye: sindano ya Zambia, sopisi ya farmasi, na "tutakuwa kobayi"

Barua za mwezi huu karibu zote zinauliza juu ya sida na magonjwa ya zinaa, nafikiri ni kwa sababu ya zile vokali zinazozunguka kwa WhatsApp kuhusu sindano mpya. Nimeacha maneno ya watu kama walivyoandika, nimetoa tu majina na avenue zao.

Mama Infirmye jambo. Niko mama wa batoto wane, Katuba. Wifi yangu anaishi Kitwe, alituma vokali anasema kule sasa kuna sindano ya sida, unapigwa mara mbili kwa mwaka njo basi. Jirani anasema ni chanjo, mwingine anasema ni ya kufunga kizazi. Mume wangu ni dereva wa kamyo, analalaka Kasumbalesa, Ndola, mpaka Dar, namupenda lakini mi si mutoto, najua barabara iko namna gani. Ile sindano ni ya kweli? Na huku Lubumbashi tunaipata wapi?

Mama, asante kwa kuandika wazi hivi. Ndiyo, ni ya kweli, jina lake lenakapaviri. Si chanjo. Chanjo inafundisha mwili kujipigania wenyewe, lakini hii ni dawa, inawekwa chini ya ngozi ya tumbo na inatoka pole pole kwa miezi sita, ikiisha na kinga inaisha, ndo maana lazima urudi tarehe yako. Na kufunga kizazi hapana kabisa, kwenye utafiti wenyewe wanawake waliopata mimba katikati waliruhusiwa kuendelea na sindano wakitaka, na hiyo haikuja hivi hivi, ni watetezi na wanawake wenyewe walipiga kelele miaka mingi wakisema mbona kila utafiti mama akipata mimba anatolewa nje, kwani wenye mimba hawaambukizwi?

Utafiti huo unaitwa PURPOSE 1, ulifanywa Afrika Kusini na Uganda kwa wasichana na wanawake wa miaka 16 mpaka 25, zaidi ya 5,300. Juni 2024 walitoa majibu ya kwanza. Kati ya 2,134 waliopata sindano, hakuna hata mmoja aliyeambukizwa. Hata mmoja mama. Kwenye kundi la vidonge vya kila siku vya zamani, watu 1,068, waliambukizwa 16. Usielewe kwamba vidonge ni bure, hapana, ukivinywa kila siku vinakinga vizuri sana. Shida ni huko kuvinywa kila siku, chupa unaificha wapi, mama mkwe akiiona atasema nini, mume akiisikia inalia ndani ya sakoshi atafikiri umeshaugua au unamficha bwana mwingine. Sindano haipigi kelele kwenye sakoshi.

Marekani waliipitisha 18 Juni 2025, OMS, shirika la afya la dunia, ikaipendekeza 14 Julai 2025, na Novemba mwaka huo Zambia na Eswatini njo walikuwa wa kwanza Afrika kupokea mzigo wa programu. Kwa hiyo wifi yako hadanganyi. Kule Marekani bei yake ni zaidi ya dola 28,000 kwa mwaka mtu mmoja, nimeandika vizuri, elfu ishirini na nane. Halafu Septemba 2025 ikatangazwa kwamba viwanda vya India vitaitengeneza kwa dola 40 hivi kwa mwaka, kwa nchi 120, kuanzia 2027. Sasa fikiri mwenyewe kutoka 28,000 mpaka 40 dawa ni ile ile.

Wewe leo lakini usikae kungojea 2027. Vidonge vya PrEP, yaani vile vya kila siku vya kujikinga kabla ya kuambukizwa, vimo kwenye programu ya taifa letu, nenda kwenye kituo kinachotoa ARV, zile dawa za sida, sema tu "nataka PrEP", usieleze maisha ya mume wako kama hutaki. Watakupima kwanza, lazima, hizi dawa za kukinga ni za mtu ambaye hana virusi. Kama unakunywa dawa za kifua kikuu sema mapema, zinagombana na ile sindano siku itakapofika. Na kapoti, ile kondomu, bado ina kazi yake, PrEP haizuii kaswende wala sopisi (kisonono) wala mimba. Mume wako naye, siku amerudi ametulia, amekula bukari yake vizuri, mwambie mpime pamoja. Wengine wanakubali mama, nimewaona wakikubali.

Mama jambo. Niko kijana wa miaka 24, nauzisha inite kule komine Kenya. Wiki mbili sasa nikikojoa inachoma na usaha inatoka. Rafiki alinipeleka kwa farmasi bakaniuzia kapsuli, nimekunywa siku tatu ikapungua kisha ikarudi tena. Naona haya kwenda kwa hospitali juu infirmye wa kwetu anajuana na mama yangu. Demu wangu yeye hana kitu, kuna haja gani nimwambie?

Mwanangu, hiyo inafanana sana na kisonono, ile tunaita sopisi, na mara nyingi inatembea na mwenzake klamidia. Kapsuli za siku tatu zimeua vijidudu dhaifu zikaacha vyenye nguvu, na hivyo njo umebaki navyo. Dunia nzima kisonono kinazidi kuzoea dawa, zile zilizokuwa zinamaliza kazi wakati mimi nasoma leo hazifanyi kitu, siku hizi kawaida inatakiwa sindano ya seftriaksoni pamoja na dawa ya klamidia, na ya kukupigia ni mtu aliyekupima au aliyekuuliza maswali. Muuza farmasi hakuuliza kitu. Usirudi kwake.

Kama infirmye wa kwenu anajua mama yako, panda taksibisi nenda Kamalondo au Kampemba, hakuna sheria inasema lazima utibiwe komine yako. Na huyo infirmye hata akijua mama yako siri ni wajibu wake, lakini naelewa haya, sikulazimishi.

Demu wako hana kitu? Wanawake wengi wenye kisonono au klamidia hawasikii chochote, hawachomwi, hawaoni usaha, kumbe inapanda pole pole mpaka kwenye mirija ya uzazi, miaka mitano baadaye anaanza kuulizwa mbona hazai, wanamtafutia mchawi. Mwambie. Mtibiwe wote wawili, mkae siku saba bila kulala pamoja baada ya dawa, na mpime sida na kaswende siku hiyo hiyo, kwa sababu mahali pameumia njo virusi vinapita rahisi.

OMS inahesabu kwamba kila siku duniani zaidi ya watu milioni moja wa miaka 15 mpaka 49 wanapata mojawapo ya magonjwa manne ya zinaa yanayopona, yaani klamidia, kisonono, kaswende na trikomonasi. Kila siku! Na utafiti wake unapata makombo tu ukilinganisha na sida. Kuna wazo la kunywa doksisiklini, dawa ya kuua vijidudu, ndani ya saa 72 baada ya tendo, kwa wanaume wanaolala na wanaume ilisaidia sana hasa kwa kaswende na klamidia. Wakaijaribu Kisumu nchini Kenya kwa wanawake 449, majibu yakatoka 2023, haikupunguza kitu. Kuangalia nywele za baadhi yao wakakuta wengi hawakuwa na alama ya dawa, yaani hawakuinywa. Watu wakaharakisha kusema wanawake hawafuati maagizo. Mi nasema rudini muwaulize kwa nini hawakuinywa, hapo njo utafiti unaanza. Lakini wewe mwanangu usichukue habari hii ukaenda kujinunulia doksi, nenda upimwe.

Mama, nina virusi toka 2016, dawa nakunywa vizuri, karatasi inasema sharji virali haionekani. Mchumba wangu hana. Familia yake banasema nitamuua kijana wao. Ni kweli?

Hapana mwanangu. Ukinywa dawa na sharji virali, yaani wingi wa virusi ndani ya damu, ikabaki haionekani, humwambukizi mchumba wako kwa tendo la ndoa. Mwaka 2011 utafiti wa HPTN 052, wenzi 1,763 ambao mmoja ana virusi mwingine hana, ulionyesha kwamba kuanza dawa mapema kunapunguza maambukizi kwa asilimia 96, na tafiti zilizofuata kwa maelfu ya matendo bila kapoti hazikupata hata maambukizi moja kutoka kwa mtu ambaye virusi vyake havionekani. Watoto mtazaa, mama akiwa kwenye dawa hivi hatari kwa mtoto inashuka sana, waambie tu mapema wale wa kliniki ya wajawazito. Endelea kupima sharji virali kila mara wanapokuambia. Na kama familia inataka kukaa na mimi nieleze, niko tayari, waje.

Mama Infirmye, mi niko mwanafunzi, miaka 21. Kuna watu balipita kwenye home yetu banasema kutakuwa utafiti juu ya dawa ya kukinga sida, banatafuta wasichana wa kujitolea, transpoti inalipwa. Wenzangu banasema ni kutufanya kobayi, bazungu banajaribia sumu yao juu ya batu weusi. Mwingine anasema ni makuta ya bure tuende. Mi sijui. Wewe ungemwambia nini mtoto wako?

Barua hii imenikalisha siku tatu. Sitakuambia kwamba woga wa wenzako ni ujinga, kwa sababu mimi mwenyewe nimeona.

Nilipoanza kazi, msichana bado, nilikuwa kwenye kituo kimoja hapa mjini. Wakaja watu na makoti meupe na vikasha vya barafu, wakachukua damu ya bamama wajawazito, chupa ya pili juu ya ile ya kawaida. Hakuna aliyeelezwa ni ya nini, na mimi niliyeshika mkono wa mama sikuuliza. Wakaondoka. Kuna mama mmoja, muuza chikwange, kila akija kituoni aliniuliza, "binti, ile damu yangu ilisema nini?" Aliniuliza mwaka mzima. Sikuwa na jibu na mpaka leo sina.

Na si yeye peke yake. Damu ya zamani kuliko zote iliyokutwa na virusi hivi ilichukuliwa 1959 kwa mwanaume mmoja Kinshasa, wakati ule Léopoldville. Mwaka 2014 watafiti waliandika kwenye jarida la Science kwamba wakisoma ukoo wa virusi wanaona janga lilianzia Kinshasa karibu na 1920, likasafiri na mto na reli pamoja na watu waliokuwa wanatafuta kazi, mpaka kufika huku kwetu, wakati ule Élisabethville, mnamo miaka ya 1930. Reli ile ile ya BCK babu zetu waliyopanda kuja kuchimba shaba. Halafu kutoka 1984 mpaka 1991 ilikuwepo Projet SIDA, mradi wa utafiti wa sida, pale hospitali Mama Yemo, Kinshasa, Wakongo kama daktari Bila Kapita na daktari Bosenge N'Galy pamoja na wageni, na mengi dunia inayojua juu ya namna sida inavyopita kati ya mwanaume na mwanamke na kutoka mama kwenda mtoto yalithibitishwa pale. Ikafungwa wakati wa ile mapora ya 1991. Kwa hiyo nikisikia watu wanasema Kongo haina historia ya utafiti nauma midomo. Historia tunayo, damu tulitoa, ila dawa mpya kila mara zinatufikia wa mwisho.

Sasa kobayi. Kuna utafiti uliodhuru, nitakuambia bila kuficha. Kulikuwa na jeli yenye nonoksinoli-9, watu waliiamini kwamba inaua virusi. Wakaijaribu kwa wanawake wanaofanya biashara ya ngono Benin, Ivory Coast, Afrika Kusini na Thailand, na mwaka 2000 majibu yakasomwa Durban: walioitumia sana waliambukizwa zaidi kuliko wale wa jeli ya bandia, ilikuwa inachubua ndani. Hasira, ndiyo. Lakini fikiri upande wa pili pia, ile kitu ilikuwa tayari inauzwa, kapoti zilikuwa zinapakwa nayo, na bila wale wanawake tungeendelea kuisifu mpaka leo. Wao njo walitukomboa na majina yao hakuna anayeyajua.

Halafu kuna tafiti ambazo hazikuua mtu lakini zilikosa heshima. 2004 na 2005 walitaka kujaribu kidonge cha tenofoviri, ambacho leo njo msingi wa PrEP, kwa wanawake wa biashara ya ngono Kambodia na Kameruni. Wanawake wa Kambodia wakauliza, nikipata madhara baadaye nani atanitibu? Hawakupata jibu lililowatosha, serikali ikafunga. Kule Douala watetezi walilalamika kwamba karatasi zingine zilikuwa za Kiingereza kwa watu wa Kifaransa, na kwamba haikuwa wazi atakayeambukizwa katikati atapewa matibabu na nani. Ikasimamishwa nayo. Dawa ilikuwa nzuri! Miaka ikapotea kwa sababu hawakukaa chini na watu kabla. Kutoka pale njo shirika la Umoja wa Mataifa la sida, ile UNAIDS kama unavyoisikia kwa redio ONUSIDA, pamoja na shirika la utetezi AVAC, wakaandika mwongozo mwaka 2007, wakaupanga upya 2011, unasema jamii ishirikishwe tangu swali la utafiti linapoandikwa, si siku ya kuja kuchukua damu. Hiyo ni kazi ya utetezi, haionekani kama sindano lakini bila yenyewe sindano haifiki.

Mfano mwingine ambao naupenda hata kama unaumiza. Utafiti wa VOICE, wanawake zaidi ya 5,000 wa Afrika Kusini, Uganda na Zimbabwe, vidonge au jeli kila siku. Kule kliniki walisema wanatumia. Damu ilipopimwa, kwa wengi dawa haikuwemo. 2013 ikatangazwa hakuna kilichokinga. Walipoulizwa baadaye kwa upole wakaeleza, waliogopa kuonekana wagonjwa, mume alikataza, waliogopa madhara, wengine walitaka tu kliniki nzuri na vipimo vya bure. Ndipo watu wakaelewa kwamba mwanamke anataka kitu kisichoonekana na kisichomkumbusha kila asubuhi, na pale ndipo ile njia ya sindano za miezi miwili na miezi sita ikapata nguvu. Uongo wa wale wanawake, kama unataka kuuita uongo, ulifundisha zaidi ya ukweli wa wengine.

Kwa hiyo mtoto wangu angeniuliza, ningemwambia nenda lakini nenda na maswali, na usitie sahihi siku ya kwanza, chukua karatasi urudi nayo home uisome. Uliza kamati ya maadili gani imepitisha utafiti huu hapa nchini na nionyeshwe barua. Uliza mko mnajaribu nini, imeshajaribiwa kwa nani kabla yangu, madhara gani yalionekana. Uliza kama kuna plasebo, yaani dawa ya bandia, na kama ipo wale watakaopewa bandia watakingwaje, siku hizi ambapo PrEP inayofanya kazi ipo haikubaliki kumwacha mtu mikono mitupu, kwenye PURPOSE 1 hakuna aliyepewa ya bandia peke yake, kila mmoja alikuwa na sindano ya kweli au vidonge vya kweli. Uliza nikiambukizwa nitatibiwa na nani, mpaka lini, nikiumia na dawa nani analipa, nikipata mimba itakuwaje. Uliza ikionekana inafanya kazi mimi nitaendelea kuipata baada ya nyinyi kufunga mabegi? Hili usilisahau. Na uliza majibu mtatuletea lini na kwa lugha gani, Kiswahili au Kifaransa cha daktari.

Wakikujibu vizuri bila kukasirika, ni watu wa kazi. Wakikuambia maswali mengi ni ya nini, inuka. Una haki ya kutoka hata katikati, hata mwaka wa pili, bila kueleza sababu na bila kunyimwa matibabu ya kawaida. Pesa ya transpoti ni ya transpoti, isikununue, kama ndiyo sababu pekee ya kwenda basi usiende.

Mama, mimi ni shemasi, muzee wa miaka 63. Tunasikia chanjo ya sida tangu vijana wetu wako wadogo. Kovid walipata chanjo mwaka mmoja. Sida miaka arobaini hapana. Hawataki au hawawezi?

Papa shemasi, heshima zako. Wanataka, na wamejaribu kwelikweli. Kovid ni virusi ambavyo mwili wa watu wengi unavishinda wenyewe, kwa hiyo chanjo inaiga kazi ambayo mwili unaijua. Virusi vya sida vinaingia ndani ya askari wenyewe wa mwili na kujificha ndani ya kiini cha seli, na vinabadilika sura kila siku ndani ya mtu mmoja. Na huku kwetu Kongo, kwa sababu vimekaa muda mrefu kuliko popote, aina zake ni nyingi mno, chanjo iliyoshonwa kwa aina ya Ulaya inaweza isimtoshe mtu wa hapa.

2009 kule Thailand, watu zaidi ya 16,000, chanjo ilipunguza maambukizi kwa asilimia 31. Kidogo, lakini ndiyo pekee iliyowahi kuonyesha kitu. Wakaishona upya kwa Afrika Kusini, utafiti wa Uhambo, ukasimamishwa Februari 2020, haikukinga. Imbokodo, wanawake 2,600 wa nchi tano na Zambia ikiwemo, Agosti 2021, nayo haikutosha. Mosaico, Januari 2023, ikafungwa. Nilipokuwa nasoma hizi habari moja baada ya nyingine papa nilisikia uchungu kabisa, nawafikiria wale wanawake 2,600 waliorudi mara kwa mara kutoa mikono yao. Lakini utafiti kufungwa mapema kwa sababu haufanyi kazi ni ishara kwamba kamati huru inaangalia namba na haikubali watu waendelee kuchomwa bure. Kazi inaendelea, sasa wanajaribu kuufundisha mwili hatua kwa hatua kutengeneza kingamwili zinazoweza kushika aina nyingi.

Ombi moja papa. Parokiani kwenu ukisimama mbele ya vijana usiwaambie "wangoje chanjo". Waambie wapime.

Jambo Mama. Tuko kikundi cha vijana 14, Ruashi. Tunataka kufanya utetezi wa sida lakini hatuna makuta, hatuna biro, ONG iliyokuwa inatusaidia ilifunga mlango mwaka jana. Tuanzie wapi?

Wanangu, najua mlango ule ulifungwa kwa nini. Januari 2025 Marekani ilisimamisha pesa za msaada wake wa nje, na kwetu sida ilikuwa imesimama sana juu ya mguu huo. Wahamasishaji walirudi nyumbani. Abuja mwaka 2001 viongozi wa Afrika waliahidi kuweka asilimia 15 ya bajeti kwenye afya. Mnaweza kuwauliza madeputé wenu wa provensi ile ahadi imefika wapi, swali halilipiwi.

Msianze na semina wala tisheti. Anzeni na daftari. Chagueni vituo vitatu vya afya vya kwenu, kila Jumatatu wawili wenu wapite waulize kwa adabu: kipimo cha sida kipo leo? Kipimo cha kaswende cha wajawazito kipo? Kapoti zipo? Dawa za PEP, zile za kuzuia virusi baada ya hatari, za mtu aliyebakwa zipo? Maana hizo lazima zianze ndani ya saa 72 na ziendelee siku 28, mama akifika Ijumaa akaambiwa arudi Jumanne imeshaharibika. Andikeni ndiyo au hapana, na tarehe. Jina la mgonjwa msiandike kamwe, wala kuuliza nani ana nini, sheria yetu ya 14 Julai 2008 inalinda siri ya mwenye virusi na nyinyi wa kwanza kuiheshimu.

Baada ya miezi mitatu mtakuwa na kitu ambacho hata provensi pengine hawana. Kila eneo la afya lina kamati yake, CODESA, ambayo raia wana viti ndani. Ombeni kuingia kikao chao, msiende kulaumu infirmye, mara nyingi yeye mwenyewe ameomba vipimo mara tano hakuletewa, daftari lenu litamsaidia yeye kupiga kelele. Pelekeni na mama mmoja wa soko anayeongea bila woga, nyinyi vijana mkae nyuma kidogo. Someni tarehe, someni kilichokosekana, ulizeni nani anaandika barua kwenda zone ya afya na lini, na mwombe nakala.

Kikao kikiahirishwa, andikeni na tarehe ya kuahirishwa.